Ganzi haishiki kwenye jipu

Kayole: Wakuu, lignokeini 2% (dawa ya ganzi) inashika vizuri nikishona kidonda, lakini kwenye jipu mgonjwa bado anaruka. Dawa imeharibika?

Ngara: Dawa ni nzima. Ganzi hupenya neva ikiwa haina chaji, kisha huziba milango ya sodiamu kutokea ndani. Ishara ya maumivu hukwama hapo. Penye usaha pana asidi, kwa hiyo dawa nyingi hubaki na chaji, nje. Zungushia sindano kwenye ngozi nzima pembeni, ungoje dakika 5.

Umoja: Na usiongeze tu dozi, tafadhali! Isipochanganywa na adrenalini, kikomo ni miligramu 4.5 kwa kilo: mtu wa kilo 60 asipite mililita 13 za hiyo 2%. Kabla ya kusukuma dawa, vuta bomba la sindano kwanza. Damu ikiingia, hamisha. Midomo ikianza kufa ganzi, dawa imezidi kwenye damu: acha papo hapo.