Je, ni lazima mnyama auawe ili mwanafunzi wa sekondari aielewe biolojia?

Katika mjadala huu wapo wanaosema kwamba kumwondoa panya au chura katika maabara ya shule ni kuligeuza somo la biolojia kuwa la kukariri, na wapo wanaowajibu kwamba video na programu za kompyuta zinatosha kabisa. Nimelifundisha somo hili, na naona pande zote mbili zinachanganya kupasua na kuua.

Kupasua kuna faida isiyopatikana katika picha. Kitabu huipaka ateri, mshipa utoao damu moyoni, rangi nyekundu, na veni, mshipa uirudishao, rangi ya buluu, ilhali ndani ya mwili rangi zinakaribiana na viungo vimeshikana kwa utando na mafuta, hivyo mwanafunzi hulazimika kutafuta, kufuatilia na kuamua mwenyewe. Panya, kwa mfano, hana mfuko wa nyongo. Hata hivyo, nimepokea michoro ya panya yenye mfuko huo, umechorwa vizuri na kuandikwa jina, kwa sababu mwanafunzi alichora mwili wa binadamu aliousoma badala ya kile kilichokuwa mbele yake. Video haiwezi kuufichua udhaifu huo, kwa kuwa imekwisha kumchagulia cha kutazama.

Lakini faida hiyo haidai mnyama auawe kwa ajili ya kipindi kimoja. Moyo wa kondoo ukinunuliwa buchani na kukatwa kwa urefu, ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto huonekana wazi kuwa mnene kuliko wa kulia, na mwanafunzi hapati shida tena kueleza kwamba upande mmoja husukuma damu mwili mzima na mwingine huifikisha mapafuni tu. Kabla ya kuukata, akimimina maji kwenye aorta, yaani mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ataona vali zikijifunga na kuyazuia. Ni kweli kwamba kiungo kimoja hakionyeshi mpangilio wa mwili mzima, na hoja hiyo ni nzito; ndiyo maana napendekeza pia samaki aliyevuliwa kwa ajili ya chakula, ambaye matamvua, moyo wenye vyumba viwili, ini na utumbo wake vyote vipo mahali pake. Viungo vibichi hutuepusha pia na formalini, dawa ya kuhifadhia mizoga isioze, yenye formaldehaidi, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kuhusu sheria, mwaka 2014 India ilipiga marufuku upasuaji wa wanyama katika masomo ya zoolojia vyuoni, ilhali California tangu mwaka 1988 humruhusu mwanafunzi mwenye kipingamizi cha kimaadili kuomba, kwa barua ya mzazi, asishiriki. Mimi naunga mkono njia ya California, na hata moyo wa buchani usilazimishwe kwa asiyeutaka.

Anayetetea kuuawa kwa panya atutajie sehemu ya mtaala wa sekondari isiyofundishika kwa vitu hivyo. Binafsi naiona moja kubwa, yaani mfumo wa uzazi wa mamalia, na hapo modeli nzuri inamtosha mwanafunzi ambaye bado hajachagua kusomea udaktari wa watu wala wa mifugo.