Wiki ya 37 mtoto ametanguliza matako: nipasuliwe au nijifungue kawaida?

Mama wa Tukuyu:
Shikamooni. Huu ni ujauzito wangu wa pili. Ultrasaundi imeonyesha kwamba mtoto amekaa kitako, na kweli kichwa nakihisi chini ya mbavu, kigumu kama ngumi. Daktari anashauri upasuaji, ilhali mama mkwe anasema yeye alijifungua hivyo nyumbani. Hatari iko wapi?

Mkunga, Iringa:
Marahaba, mwanangu. Mwili wa mtoto hupita kwanza, kisha kichwa, ambacho ndicho kikubwa, kinaweza kukwama huku kitovu kimebanwa na mtoto akikosa hewa. Tena chupa ikipasuka, kitovu chenyewe kinaweza kutangulia, hasa miguu ikiwa ndiyo iliyo chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliohusisha wanawake 2,088 katika nchi 26, ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa kwa upasuaji uliopangwa walipata madhara machache zaidi. Uliza pia kama anaweza kugeuzwa kwa mikono juu ya tumbo.

Niliyepasuliwa, Mbeya:
Dada, upasuaji nao si jambo dogo. Mama anaweza kutokwa damu nyingi, damu ikaganda miguuni, na katika mimba zijazo kondo likajishika kwenye kovu au kovu likaachia. Kidonda changu kilianza kutoa usaha siku ya 8, nikarudishwa wodini na kichanga mgongoni. Hata hivyo, nakusihi usingojee uchungu nyumbani. Sogea mapema karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya akiba.