"Jaza sehemu zote" na zote zimejazwa: wenye mfumo, msisingizie netiweki ya Amu (Lamu)

Wadau, uzi huu ni wa hasira. Anayetaka salamu ndefu apite.

Kuna fomu ya kuombea leseni mtandaoni. Ofisi sitaitaja, wanaoijaza wanaijua. Ukurasa ni mmoja, mrefu kama Ramadhani: jina, kitambulisho, simu, wadi, anwani, halafu picha tatu, yaani kitambulisho mbele, kitambulisho nyuma, na mlango wa duka. Unabonyeza Tuma. Kiduara kinazunguka, bando linaliwa. Kisha ukurasa unarudi mweupe pe, na maandishi mekundu juu: "Tafadhali jaza sehemu zote zenye nyota." Kila kilichoandikwa kimefutika. Mtu anajaza upya, jibu ni lile lile. Akipiga simu kuuliza, anaambiwa ni netiweki yetu ya visiwani.

Netiweki gani? Anwani ya ukurasa inaishia na .php, haihitaji mganga. PHP, lugha ya programu inayoendesha kurasa kama hii, ikiwekwa kwenye seva bila mtu kugusa mipangilio, inakuja na mipaka miwili: upload_max_filesize, faili moja isizidi MB 2, na post_max_size, mzigo mzima wa fomu usizidi MB 8. Picha ya simu ya megapikseli 12 huwa na MB 3 hadi 5. Tatu zikikaa pamoja ni kama MB 12. Sasa sikilizeni: mzigo ukipita 8, PHP haiachi picha peke yake. Inaacha kila kitu, jina na simu na wadi na nyota zake. Programu inaamka mikono mitupu, inaona hakuna kilichojazwa, inamgombeza mwananchi. Jahazi limefika gatini, shehena imemwagwa baharini, kisha mwenye mali anaulizwa kwa nini hakupakia.

Na picha zikiwa ndogo kidogo, jumla MB 7, jina linapita lakini kila picha iliyozidi 2 inaachwa. Hapo ujumbe unabadilika: "Picha haijapakiwa." Kwa nini haijapakiwa? Hausemi.

Fundi wa mfumo akibisha, afungue logi ya makosa ya seva atafute namba 8388608. Hiyo ndiyo MB 8 kwa baiti, na itakuwa imejipanga humo mstari juu ya mstari. Dawa ni mistari miwili kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP, kisha huduma iwashwe upya. Dawa bora zaidi ni kupunguza picha ndani ya simu kabla haijatumwa: upana wa pikseli 1600 unatosha kabisa kusoma kitambulisho, na faili kwa kawaida inashuka chini ya nusu MB. Ukubwa wa faili kivinjari kinaujua tangu ilipochaguliwa. Kusubiri mpaka bando la watu liishe ndipo useme "kubwa mno" ni uvivu tu.

Tuje kwenye wadi. Ukichagua Lamu Mashariki, ukurasa unakimbia kwenye seva kuuliza majina ya wadi. Netiweki ikikatika sekunde ile, orodha inabaki tupu, haisemi kitu, haijaribu tena. Mtu ametoka Faza kwa boti kuja saiba ya mjini, na Faza haimo. Wadi za Kenya nzima ni 1,450. Majina yote hayo ni maandishi ya kilobaiti chache, yangekaa ndani ya ukurasa wenyewe. Lakini picha ya mandhari ya ufuo nyuma ya fomu, MB 3 nzima, hiyo ilipata nafasi.

Mengine haraka haraka. Namba za simu zinazoanza na 01 zinakataliwa, na zimekuwa mitaani tangu 2019. Jina kama Mwang'ombe linakataliwa kwa sababu ya ile alama ya juu, na kwenye iPhone ni balaa zaidi maana kibodi yake huweka alama iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. "Jina la barabara" ni lazima. Barabara? Mkomani, mtaa wa Amu? Punda ndio wanaozijua. Ukiandika N/A, mkwaju (ile alama ya /) unakataliwa: "herufi zisizoruhusiwa."

Mpaka watengeneze, wanaojazia watu fomu saiba fanyeni hivi. Majibu yote yaandikeni kwanza kwenye notsi za simu. Picha zitumieni WhatsApp, kwa namna ya kawaida, si HD wala si kama dokumenti, kisha zihifadhini upya kutoka pale. Zitakuwa zimeshuka vya kutosha. Kitambulisho kipigwe picha kwa karibu, kijaze fremu, ndipo namba isomeke baada ya kubanwa. Wadi ichaguliwe kwanza kabla ya kitu kingine. Ikiwa tupu, rudisha ukurasa hapo hapo wakati bado hujaandika kitu. Msikae sana: muda wa kawaida wa PHP kumshikilia mtu aliyeingia ni sekunde 1440, dakika 24, na kuandika hakuhesabiki mpaka utume. Likitokea lile jekundu, usirifreshi. Rudi nyuma mara moja, mara nyingi maandishi utayakuta, utachagua picha tu upya.

Nyongeza: mnaouliza kama kompyuta inasaidia kuliko simu, haisaidii. Picha ni zile zile, seva ni ile ile. Na anayesema "jaribu usiku netiweki ikiwa nzuri" asome tena aya ya tatu. Usiku mipaka ni MB 8 vilevile.