Age of Empires II: nachelewa Enzi ya Ukabaila, naombeni ushauri

Kijana_Mwanjelwa: Wakuu, Jumamosi tunacheza gemu hili la kompyuta wanne hapa Mbeya, kompyuta zimeungwa kwa waya. Wenzangu wanaingia Enzi ya Ukabaila (enzi ya pili) dakika ya 10, mimi ya 15. Kondoo nachinja wote mapema, nyumba ninazo tatu, lakini kitufe cha kupanda enzi kinagoma. Nakosea wapi?

Fundi_Uyole: Mkuu, nyumba hazihesabiwi. Unatakiwa uwe na majengo mawili ya Enzi ya Giza (ile ya kuanzia), kwa mfano kinu na kambi ya mbao (kila moja mbao 100), pamoja na chakula 500.

Ila muda wako unapotelea kwenye jengo kuu, linalotengeneza wanakijiji. Mwanakijiji mmoja huchukua sekunde 25. Unaanza na 3; ukitaka 21 unatengeneza 18, sekunde 450. Ongeza 25 za ufumaji unaowaongezea uhai, na 130 za kupanda enzi: 605, yaani dakika 10 na sekunde 5. Wewe unaingia ya 15; hizo dakika kama 5 zinazozidi, jengo lilikuwa limelala. Nyumba ya kwanza ianze sekunde ile ile mchezo unapofunguka, maana una watu 4 (wanakijiji 3 na mpelelezi) na nafasi ni 5 tu hadi ujenge. Bonyeza H kila mara urudi kwenye jengo kuu uangalie foleni ya wanakijiji. Kitufe cha nukta kitakuonyesha mwanakijiji aliyekaa bure.

Kihesa_Iringa: Kondoo ndiyo kosa kubwa. Akishachinjwa nyama inaanza kuoza, hata kama watu wanaila. Chinja mmoja mmoja, chini ya ukuta wa jengo kuu, watu 6. Wanne wanaofuata wapeleke mbao.

Chakula chenyewe kinatosha: wanakijiji 18 ni 900, enzi 500, unaanza na 200, unatafuta 1,200. Kondoo 8 wana 800, nguruwe pori wawili 680. Matunda ya vichakani yanaziba kinachooza. Nguruwe mpige mshale, akigeuka kimbia naye hadi kwa wale wa kondoo, wammalize hapo hapo. Ukisita hatua mbili, mwanakijiji amekwenda.

Na mtume mpelelezi azunguke karibu kwanza. Kondoo akionwa tu anageuka rangi yako, pale pale, uwanja ukiwa bado mweusi pande zote. Gemu la 1999 na bado hakuna kitu kizuri kama hicho.

Kijana_Mwanjelwa: Kambi ya mbao niliiweka katikati, kati ya misitu miwili.

Fundi_Uyole: Hapana mkuu! Iguse miti kabisa. Hakuna anayekata mti Sao Hill akapasulie Makambako. Miti ikisogea mbali, jenga nyingine; mbao 100 zinarudi haraka.

Mlima_Rungwe: Kama laptop ni za zamani wekeni toleo la kwanza, liliomba RAM MB 32 tu. Wote wanne toleo moja, la sivyo hamtaonana kwenye mtandao. Na hifadhini mchezo kila dakika 20, umeme huu mnaujua.