Deskitopu imekuwa nyeupe na Jumamosi tunavunja kikoba, fundi akipiga Windows faili zitarudi?

Mwana_Uyole
Wakuu habari za jioni, poleni na mvua mlioko huku Mbeya. Niende kwenye mada. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu hapa Uyole, tuko watu 24, hisa moja elfu tano, na Jumamosi hii tunavunja. Hesabu zote naweka kwenye laptop, Excel, faili lilikuwa pale deskitopu linaitwa HISA 2025 MPYA YA UKWELI. Jana usiku nawasha nakuta hakuna kitu, imebaki picha ya nyuma na Recycle Bin basi, nayo tupu. Documents tupu, Pictures tupu, halafu inaleta kimaandishi cha kiingereza kwamba hiyo sehemu haipatikani. Sijafanya chochote. Nimezima nikawasha mara nne hali ni ileile. Kuna fundi wa Mwanjelwa kasema niipeleke kesho asubuhi aipige Windows itakuwa kama mpya, anataka elfu 25 na nimeshamtumia elfu 10 ya kuanzia. Je akipiga Windows faili zinarudi? Mke wangu hajui na sitaki ajue. Ushauri tu wakuu, matusi sitaki.

Bwana_Ulanzi
Kama mpya ndiyo hivyo, mpya huwa haina kitu ndani.

Fundi_Matola
Mkuu usiipeleke popote. Hakuna anayepiga Windows faili zikarudi, anachofanya ni kuandika vitu vipya palepale zilipokuwa za kwako. Kwanza hilo neno sijafanya chochote kila mteja huwa anaingia nalo mlangoni. Niambie, kule chini kulia karibu na saa kulikuwa na kawingu kadogo?

Penguin_wa_Mafinga
Ni Windows 10 au 11? Kama ni 10 jua Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, ungehama mapema. Mimi niko Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, mwaka wa sita huu, kirusi nakisikia kwa majirani.

Mwana_Uyole
Ni 11 mkuu. Kuhama nitahama baadaye, Jumamosi ni keshokutwa.

Kinyungu_Iringa
Pole sana. Umenikumbusha mbali. 2014 nilikuwa na steshenari Iringa mjini, akaja mwalimu na fleshi ina mitihani ya shule nzima, kila folda imegeuka shotikati ukibonyeza haifunguki. Mimi kwa ujuaji wangu nikamwambia fleshi imekufa hii nikaifomati, nikamtoza na buku mbili. Mwezi mmoja mbele kijana mmoja ananionyesha kumbe kile kirusi kilikuwa kinaficha tu, unaandika kamba moja ya attrib kwenye lile dirisha jeusi vitu vyote vinatokea vilevile. Nilitoka jasho. Yule mwalimu alikaa siku tatu anachapa upya mitihani mezani kwangu, mimi namletea chai na chapati yeye ananiombea kwa Mungu nibarikiwe. Mpaka leo sijamwambia. Tukikutana sokoni namlipia hata nyanya.

Bwana_Ulanzi
Mwambie tu, nyanya zenyewe zimepanda.

Mama_Maparachichi
Wanangu ugonile. Mimi sijui mambo ya mawingu lakini kikoba nakijua, huku kwetu Tukuyu tuna kaunta buku na sanduku la kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, na kila mwanachama ana kitabu chake kinapigwa mhuri kila akinunua hisa. Hesabu ya watu 24 mtu anaitoaje machoni pa watu anaifungia kwenye kimashine chake nyumbani? Kusanya vitabu vya wanachama uijenge upya, usiku mmoja umemaliza.

Mwana_Uyole
Shikamoo mama. Vitabu vipo ila vimejazwa mpaka Julai, baada ya hapo tulikubaliana tuhamie kompyuta kabisa ili tusiandike mara mbili. Ni utaratibu wa kisasa tu.
@Fundi_Matola kawingu kalikuwepo ndiyo, toka Agosti kanaweka alama nyekundu kwamba kamejaa, kila nikiwasha kananipigia kelele. Juzi nikakatoa.

Fundi_Matola
Ulikatoa vipi? Hatua kwa hatua.

Mwana_Uyole
Nilibonyeza pale pa kutenganisha akaunti na hii laptop. Halafu diski C ilikuwa nyekundu imejaa, nikatafuta kinachokula nikakuta kuna folda imeandikwa OneDrive ina GB 40. Ndani nikaona mapicha yangu na kila kitu nikajua haya ni marudio maana vya kwangu viko deskitopu. Nikaitoa.

Fundi_Matola
Ukabonyeza Delete au Shift na Delete?

Mwana_Uyole
Shift na Delete. Kuna mtu aliwahi kunifundisha ndiyo inatoa nafasi kweli.

Fundi_Matola
Kwa hiyo ulifuta faili zako mwenyewe.

Mwana_Uyole
Mkuu sikufuta faili, nimefuta folda.

Bwana_Ulanzi
Hakuvunja mayai wakuu, alikalia trei.

Fundi_Matola
Sikiliza basi. Kale kawingu ndiyo OneDrive, kanapandisha faili zako mtandaoni. Ikiwashwa ile ya kutunza nakala, Desktop, Documents na Pictures zinahamia NDANI ya ile folda. Unachokiona deskitopu ndicho hichohicho kilichomo mle, hakuna cha marudio. Ndiyo maana inakwambia sehemu haipatikani, imeenda kuitafuta folda haipo. Kufuta umefuta, ila kuna habari mbili nzuri. Moja, ulitenganisha akaunti kwanza ndiyo ukafuta, kwa hiyo vilivyokuwa vimeshapanda mtandaoni havijaguswa, ingia kwenye simu uvione. Ile ya bure ni GB 5, ikijaa haipandishi kipya ila vya zamani inavitunza. Mbili, kama diski yako ni ile ya kuzunguka, faili inaweza kuwa bado ipo mpaka iandikwe juu yake. Kama ni SSD, ile isiyozunguka, sikupi matumaini, yenyewe inajisafisha nyuma yako. Vyovyote laptop isiguswe. Hapa unaandikia nini?

Mwana_Uyole
Hiyohiyo laptop. Na kuna programu ya kurudisha faili nimeishusha sasa hivi nimeiweka C.

Fundi_Matola
Yesu na Maria. ZIMA. Kila kinachoingia C kinakalia kiti cha faili lako. Hamia kwenye simu.

Mwana_Uyole
Sawa nimezima, niko kwenye simu. Ila kuingia kwenye hiyo akaunti siwezi ndiyo maana nimeamua nipige Windows tu na hela ya fundi imeshatoka.

Penguin_wa_Mafinga
Huwezi kwa nini, umesahau paswedi? Si kuna kubadilisha, wanatuma namba za uthibitisho kwenye simu.

Mwana_Uyole
Zinatumwa ila sio kwangu.

Kinyungu_Iringa
Kwa nani?

Mwana_Uyole
Wakuu naona tunatoka nje ya mada.

Bwana_Ulanzi
Hapa ndipo mada ilipo, endelea.

Mwana_Uyole
Laptop nilinunua 2022 nikiwa na mtu mwingine. Yeye ndiye alikuwa anajua mambo haya akaiwasha siku ya kwanza akafungua kwa barua pepe yake na namba yake. Mimi nikaendelea kutumia tu. Tuliachana vibaya, sasa hivi yuko Makambako. Siwezi kumpigia mtu wa hivyo eti naomba namba zilizokuja kwenye simu yako, na mke wangu ndiyo kwanza tumefunga ndoa mwezi wa saba. Bora Windows ipigwe yaishe.

Kinyungu_Iringa
Subiri. Picha za harusi uliziweka wapi?

Mwana_Uyole
Deskitopu. Zote na video.

Kinyungu_Iringa
Kwa hiyo harusi yako ilikuwa inapanda picha mojamoja mpaka kwenye akaunti ya ex wako Makambako, na ndiyo imejaza hiyo GB 5.

Bwana_Ulanzi
Nimecheka mpaka kondakta kaniuliza kama nimelipa nauli. Mwenzio kala keki kuanzia Julai, wewe unaogopa kumpigia.

Penguin_wa_Mafinga
Anaweza kuwa ameshafuta kwa hasira.

Fundi_Matola
Akifuta zinakaa kwenye pipa la mtandaoni siku 30 ndiyo zinapotea. Mkuu mpigie. Mwambie ukweli, shida ni hesabu za watu, usisingizie kirusi. Mkeo mkae naye hapohapo wakati unapiga, kuliko ajue kwa watu.

Mama_Maparachichi
Hapo kijana kasema. Mwenye ndoa hapigi simu ya namna hiyo akiwa chooni.

Loleza_Juu
Nimekuwa nasoma kimya. Vitabu vya wanachama vimeishia Julai. Harusi Julai. Wingu limejaa Agosti. Kikoba kinavunjwa Jumamosi na faili limepotea juzi. Na faili lenyewe limefutwa kwa Shift na Delete na mtu aliyesema hajafanya chochote. Ni mimi peke yangu nasikia harufu? Hii story ya ex imetengenezwa ili Jumamosi awaambie wazee hata mtandaoni watu wanajua laptop imekufa.

Penguin_wa_Mafinga
Hata akaunti yake hapa kafungua leo mchana.

Mwana_Uyole
Nimefungua leo kwa sababu shida nimeipata jana. Mimi mtoto wa mchungaji. Kama hamna msaada kaeni pembeni.

Kinyungu_Iringa
Tusimhukumu jamani, mimi mwenyewe nilifomati mitihani na sikula hela ya mtu. Zaidi ya ile buku mbili.

Mwana_Uyole
Haya nimempigia na mke wangu yuko hapa amenuna. Ex kanitumia namba bila neno hata moja. Nimeingia. Faili lipo ila la mwisho ni la tarehe 9 Agosti.

Fundi_Matola
Ndiyo tarehe wingu lilipojaa. Agosti kuja huku ni kwenye diski yako tu. Ilete Soko Matola ikiwa imezimwa, nitaichomoa diski niisome kwenye mashine nyingine, isipopatikana sichukui hela. Meseji za simu za wanachama waliotuma hisa unazo?

Mwana_Uyole
Wengi walikuwa wanatoa keshi.

Mama_Maparachichi
Mwanangu, tangu mchana mnatafuta faili na hakuna aliyekuuliza. Pesa zenyewe ziko wapi, sanduku au benki?

Mwana_Uyole
Shikamoo tena mama. Pesa zipo salama. Ngoja nirudi baadaye, laptop inaniambia chaji inaisha.

Bwana_Ulanzi
Laptop ipi?