Magando ya Nge na vitanga vya Mizani: kipi kilitangulia angani?

Bwejuu_Kusini

Wakuu, salaam. Nachora chati ya buruji 12, yale mafungu ya njia ya jua, Hamali mpaka Hutu, na nimekwama kwenye ya saba (Mizani) na ya nane (Akarabu, yaani Nge).

Nyota mbili kubwa za Mizani zinaitwa Zubenelgenubi na Zubeneschamali. Ukizirudisha kwenye Kiarabu chake unapata gando la kusini na gando la kaskazini. Sasa Mizani na magando wapi na wapi? Mwenye magando ni Nge. Kila ninaposoma naambiwa Warumi ndio waliomkata Nge magando wakaunda Mizani, halafu ukurasa wa pili unasema Mizani ilikuwapo Babeli kabla Roma haijawa kitu. Haziwezi kuwa kweli zote mbili.

Pili, Antares, ule moyo wa Nge: programu ya nyota inanipa longitudo (umbali kwenye njia ya jua kuanzia mwanzo wa Hamali) ya nyuzi 250. Akarabu inaanzia 210 na kuishia 240. Kwa hesabu hiyo moyo wa Nge uko ndani ya Kausi, buruji ya tisa. Nimesoma vibaya au programu ndiyo mbovu?

Tatu, kama kuna njia ya kumwona Nge mzima na magando yake kwa macho tu kutoka pwani yetu, naomba maelekezo.

---

Kibao_cha_Udongo

Mkuu, swali la kwanza lina jibu ambalo watu hawalitarajii: vyote viwili vimeandikwa katika mstari mmoja.

Kuna orodha ya nyota ya Mesopotamia inayoitwa MUL.APIN, iliyoandikwa kwa mwandiko wa kikabari kwenye vibao vya udongo. Nakala ya mapema zaidi yenye tarehe juu yake ni ya mwaka 686 K.K., ila yaliyomo ni ya zamani zaidi. Wengi huyaweka karibu na 1000 K.K. Humo Nge anaitwa GIR.TAB kwa Kisumeri (kwa Kiakadi zuqaqipu), na Mizani inaitwa zibanitu. Sasa angalia: pale inapotajwa Mizani, mwandishi anaongeza kwamba ni "pembe ya Nge". Pembe hapo ndiyo gando. Kwa hiyo mtu wa Babeli alizitazama nyota zilezile, akaziona vitanga vya mizani na magando ya mdudu kwa pamoja, wala hakuona haja ya kuchagua.

Hata hivyo katika kalenda yao walizitenganisha. MUL.APIN inasema Mizani inachomoza alfajiri tarehe 15 ya mwezi wa Tashritu, Nge tarehe 5 ya Arahsamnu, mwezi unaofuata, na "kifua cha Nge", yaani Antares, tarehe 15 ya mwezi huohuo. Siku 20 kati ya Mizani na Nge, kisha siku 10 hadi kifua. Walipokuja kuigawa njia ya jua mafungu 12 ya nyuzi 30 kila moja, karne ya 5 K.K., fungu la saba wakalipa zibanitu na la nane GIR.TAB. Roma haina mkono hapo.

Zile nyota mbili za mwibani, Shaula na Lesath, walizipa majina yake pia: Sharur na Shargaz. Sharur ni rungu la mungu Ninurta. Mwiba wa nge kuitwa silaha, nadhani hapo hawakukosea.

Tahadhari moja kwa anayeandika historia ya kundinyota hili. Utaonyeshwa picha za kudurru, yale mawe ya Babeli ya kuthibitisha milki ya shamba, yamechongwa nge waziwazi, na utaambiwa hiyo ni buruji ya Akarabu. Nge wa kudurru ni alama ya mungu wa kike Ishhara, kama vile mwezi mwandamo hapo ni alama ya Sin, mungu wa mwezi. Alama ya mungu si ushahidi wa ramani ya nyota. Umri wa "miaka 5,000" unaosambaa mitandaoni mara nyingi umejengwa juu ya kuchanganya vitu hivi viwili.

---

Maalim_Falaki

Naendelea alipoishia mwenzangu, maana waliopoteza mizani ni Wayunani.

Wao walichukua nusu moja tu ya ule mstari. Aratus, mshairi wao wa karne ya 3 K.K., hataji mizani, anataja Chelai, yaani Magando. Nge wake ni mkubwa kiasi cha kukalia mafungu mawili kati ya 12, na ndiye anayemfukuza Orion, kundinyota la mwindaji: Nge akichomoza mashariki, Orion anazama magharibi. Ptolemaio, mwanafalaki wa Aleksandria, karibu mwaka 150 B.K., anampa Nge nyota 21 na 3 za pembeni, halafu kundi linalomtangulia bado analiita Chelai, nyota 8. Zubenelgenubi kwake ni "ile yenye kung'aa kwenye ncha ya gando la kusini". Warumi walipoanza kusema Libra walikuwa wanairudisha mizani ya Babeli. Hawakubuni kitu.

Waarabu walipomfasiri Ptolemaio wakapata "gando la kusini" na "gando la kaskazini", janubi na shamali, na maneno hayo ndiyo yaliyokwama kwenye ramani za Ulaya hadi leo. Isitoshe walikuwa na Zubana yao tayari katika manazili 28 za mwezi, yaani vituo vya nyota ambavyo mwezi hupita usiku hadi usiku. Hesabu: manzili ya 16 ni Zubana (magando), ya 17 Iklil (taji, zile nyota za kipaji), ya 18 Kalb (moyo), ya 19 Shaula (mkia ulioinuliwa). Mnyama mzima katika manzili nne zinazofuatana. Ukiweka zubana ya Kiarabu kando ya zibanitu ya Kiakadi utaona jinsi zinavyofanana, na lugha zenyewe ni ndugu, ila moja inamaanisha gando na nyingine mizani.

Swali la pili. Programu yako ni nzima. Tazama longitudo ya Antares ilivyosogea:

Ptolemaio: nyuzi 12 na dakika 40 ndani ya Akarabu.
Al-Sufi, mwanafalaki wa Isfahan, mwaka 964: nyuzi 25 na dakika 22 ndani ya Akarabu.
Leo: kama nyuzi 10 ndani ya Kausi.

Nyota haijatembea. Mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia ya kuchezea inayokaribia kuanguka, na pointi ya kuanzia Hamali inarudi nyuma uzi mmoja kila miaka 72 hivi. Moyo wa Nge ulivuka mpaka wa nyuzi 240 kwenye mwaka 1300 au karibu na hapo.

Usizichukue hizo namba mbili za kwanza ukatoa moja kwa nyingine kutafuta kasi. Al-Sufi hakupima upya mahali pa nyota. Alichukua longitudo zote za Ptolemaio akaziongezea nyuzi 12 na dakika 42 kwa mkupuo, kwa kanuni ya uzi mmoja kila miaka 66. Alichokipima mwenyewe kwa uangalifu ni mng'ao. Ptolemaio naye alitumia uzi mmoja kwa miaka 100, na longitudo zake zina upungufu wa uzi mmoja na ushei. Ukitoa tu, unapata kosa la mtu wa kwanza likiwa limevaa kanuni ya mtu wa pili.

---

Bwejuu_Kusini

Nimeelewa, shukrani sana Maalim. Kwa hiyo "Nge tarehe 23 Oktoba mpaka 21 Novemba" ya magazetini ni fungu la nyuzi 30, na nge wa angani ni mwingine?

---

Maalim_Falaki

Ndiyo. Mipaka rasmi ya makundinyota ilichorwa na Eugène Delporte na kutangazwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mwaka 1930. Kwa mipaka hiyo jua hukaa ndani ya Nge wiki moja tu, kama tarehe 23 hadi 29 Novemba, kisha linaingia kwa Mshika Nyoka, kundinyota la jirani. Magando yakishatolewa, na mwili wake mwingi ukiwa kusini ya njia ya jua, hakuna kilichobaki cha kupitia.

---

Darubini_Mbili

La tatu nalichukua mimi.

Wakati mzuri ni katikati ya Julai. Tarehe 15 Julai, Dar es Salaam, saa tatu na nusu usiku Antares iko juu kabisa upande wa kusini, nyuzi 70 kutoka upeo wa macho. Mombasa inapungua kidogo, nyuzi 67 na nusu. Elekea kusini, inua kichwa. Nyota nyekundu yenye nyota hafifu kila upande ndiyo Antares. Mkia unashuka kushoto na kujikunja kama ndoana. Mwisho wake Shaula na Lesath zimekaribiana, nafasi kati yao inazidi kidogo tu upana wa mwezi mpevu.

Sasa magando. Nyoosha mkono, kunja ngumi: ni nyuzi 10. Kutoka Antares nenda kulia ngumi mbili na nusu, ukipita zile tatu za Iklil zilizopangana wima. Unayoifikia ni Zubenelgenubi. Kutoka hapo hadi Shaula ni zaidi ya nyuzi 40. Huyo ndiye nge wa Aratus.

Kinachowapoteza wengi ni Mirihi. Inapita jirani na Antares, rangi ileile, na jina lenyewe maana yake ni mshindani wa Ares, yaani Mirihi. Tumia zile hafifu mbili za ubavuni. Mirihi haina walinzi. Mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Desemba usihangaike, jua liko palepale.

Na kwa chati yako: MUL.APIN ina mstari usemao Nyota zikichomoza Nge anazama, Nge akichomoza Nyota zinazama. "Nyota" hizo ndizo Kilimia. Kwa hiyo ile methali ya Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua ina mwenzake upande wa pili wa anga. Dar, Kilimia kikishazama, kichwa cha Nge kinatoka baada ya robo saa, na Antares baada ya dakika 40 hivi. Katikati ya Aprili hilo hutokea kwenye saa mbili na dakika 20 usiku, mawingu ya masika yakiruhusu.

---

Kibao_cha_Udongo

Nyongeza ndogo: popote utakapoandika longitudo kwenye chati, andika na mwaka. "Antares 250.1, mwaka 2025." Chati nyingi za buruji zilizonakiliwa hazina mwaka, ndiyo maana mtu anakuta namba ya al-Sufi na ya leo kwenye jedwali moja na kudhani mmojawapo alikuwa mlevi.