Tupeane uzoefu: kinyonga akigeuka rangi, wewe huelewa nini?

Mama Asumini, Malindi
Salaam aleikum wenzangu. Naanza mimi. Hapa Muyeye tuna kinyonga kwenye mlimau wa uani tangu mvua za masika. Hafungwi, na haendi mbali. Watoto wa mtaa wakitoka madrasa walikuwa wakimweka juu ya leso nyekundu, kisha juu ya mkeka, kisha leso ya buluu, wakingoja afanane nayo. Hakufanana hata siku moja. Alikuwa akiingia weusi kuanzia mbavuni, madoa yanamtoka, ngozi za kisogoni zinainuka kama masikio, kinywa wazi, anafoka. Watoto wanashangilia, nami nacheka nao, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Siku ya tatu aligoma kula. Panzi anampitia mbele ya uso, jicho moja linamfuata, ulimi hautoki.

Nikapiga marufuku asishikwe. Siku nne alijificha ndani ya majani. Ya tano nimemkuta kijani cha ndimu changa, mguu wa nzige unaning'inia kinywani. Nyinyi wenzangu yamewapata yepi?

Kijana wa Langoni, Lamu
Dada, huyo alikuwa na hofu, leso haikumshughulisha kabisa. Wangu nilimweka kwenye tundu la wavu sebuleni, mkabala na kabati la vioo. Kila asubuhi anajibapa ubavu awe mpana kama jani, anayumba, rangi kali. Wiki nzima nadhani mgonjwa. Bibi yangu, ambaye hataki hata kusikia lumbwi ameingizwa nyumbani, ndiye aliyeniambia: "Mjukuu wangu, huyo anagombana na yule wa kiooni." Nikafunika kioo kwa shuka. Kufika magharibi ametulia. Hawa hukaa peke yao, kumwona mwenzake tu ni vita.

Fundi Mashua, Lamu
Lakini si kila weusi ni ugomvi. Asubuhi za kusi, umande ungali majani, utamkuta mweusi upande ule alioupa jua. Anaota moto, kwa kuwa rangi nyeusi hunyonya joto. Saa nne keshakuwa kijani.

Mimi namwamini zaidi usiku. Aliyelala salama hupauka kabisa, kama jani la ndani la kabichi. Usiku mmoja wa kaskazi nilimmulika nikamkuta ameiva weusi, macho yamezama. Kumbe kiu, na kisahani cha maji kiko chini yake! Hakujua kama yale ni maji. Kinyonga hunywa matone juu ya majani. Asubuhi nikatoboa kifuniko cha chupa, nikanyunyizia matawi taratibu. Haikupita robo saa akaanza kulamba. Tangu hapo nanyunyizia asubuhi na jioni, sikosi.

Shangazi Mtunza Bustani, Malindi
Wangu alikuwa jike. Alikoza rangi, akashuka chini, akawa anazunguka haachi. Nikamrudisha mtini mara tatu, nikimwonea bure: alikuwa akitafuta mchanga wa kutagia. Nilipomwacha alichimba mchana kutwa, akafukia mwenyewe, akapanda juu amekonda.

Mwalimu wa Sayansi, Malindi
Niongeze kidogo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakichunguza kinyonga wa Madagaska, walionyesha kwamba ngozini mna vifuwele vidogo mno, yaani vijipande vinavyoakisi mwanga kama vioo. Akitulia, vimekaribiana na huakisi buluu. Ikipita kwenye manjano ya ngozi, jicho letu linaona kijani. Akichachamaa vinaachana, naye anageuka manjano au mwekundu. Weusi una njia yake: chembe za melanini, ile rangi nyeusi ya ngozini, husambaa juu. Kwa hiyo rangi yatoka ndani mwake, kwa joto lake na hali yake.

Jingine, nalisema kwa nia njema: sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, kabla ya kumfuga mnyama wa porini. Mwacheni mtini, mumtazame hapo hapo.

Kijana wa Langoni, Lamu
Nimekusikia mwalimu. Wangu nilimrudisha kwenye mkunazi ule ule nilikomtoa.

Mama Asumini, Malindi
Fundi, shukran sana. Jana baada ya isha nimewaita wale wale watoto, tochi moja, mikono nyuma. Alikuwa amelala kwenye kitawi cha pembeni, mkia umekunjwa, mweupe karibu kama ua la mlimau. Hakuna aliyepiga kelele.